Silaha Haianzii Kwenye Mtutu

(Hotuba iliyotolewa Bukoba mbele ya wazee, walimu na wanafunzi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokosa viti mkasimama madirishani, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie silaha na zana za jeshi letu. Najua wapo waliokuja wakitaka niwatajie tuna vifaru vingapi, ndege ngapi, mizinga mingapi. Hayo sitayasema, na wala sababu si siri peke yake. Hesabu ya namna hiyo haimpi mtu elimu yoyote. Jeshi linaweza kupanga vifaru mia uwanjani, vimepakwa rangi vinang'aa, watu wakapiga makofi, na kumbe nusu yake haviwezi kutembea kilomita kumi. Mimi ni mwalimu wa historia. Sijawahi kuvaa kombati. Kwa hiyo nitafanya kazi yangu ya ualimu: nitawapa visa, kupima mtapima wenyewe.

Ninalotaka kulisema leo ni hili. Silaha haianzii kwenye mtutu. Inaanzia ghalani, inaanzia karakana, inaanzia kwenye daraja inalopitia na kichwani mwa askari aliyefundishwa kuitumia. Wala haiishii kwenye shabaha. Inaishia siku ile baruti yake ya mwisho inapoteketezwa salama, hata kama siku hiyo ni miaka arobaini baada ya vita. Anayetazama mtutu peke yake hajaiona silaha.

Twende kwanza Uhehe, Agosti 1891. Kamanda wa Kijerumani, Emil von Zelewski, anapandisha msafara wa kijeshi kwenda kumtia adabu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Ana askari wenye bunduki bora za wakati ule. Ana bombomu za Maxim, bunduki za kumimina risasi mfululizo. Ana mizinga ya medani. Wahehe wana mikuki, ngao, na bunduki chache za zamani. Mngeulizwa siku hiyo nani atashinda, mngejibuje?

Tarehe 17 Agosti, mahali panapoitwa Lugalo, msafara ule unapita kwenye njia nyembamba, watu wamefuatana safu ndefu. Bombomu na mizinga imo mizigoni, juu ya punda. Wahehe wamejilaza majanini na nyuma ya mawe, wametulia. Ishara inatolewa, wanainuka wote kwa pamoja. Ndani ya dakika chache Zelewski amekufa, na sehemu kubwa ya askari wake imekufa. Wengi wao hawakuwahi kupiga hata risasi tatu.

Sasa niambieni, pale Lugalo ni nani aliyekuwa na silaha? Bombomu iliyofungwa mgongoni mwa punda ilikuwa mzigo. Mkuki uliokuwa mkononi mwa mtu aliyejua wapi pa kujificha, lini pa kuinuka na nani wa kumfuata, huo ndio uliokuwa silaha. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hata ya karibu haiui kama imefungwa kamba.

Lakini kisa hiki tusikikatishe katikati, maana wengi hupenda kukiishia pale penye raha. Mkwawa aliteka bunduki zipatazo mia tatu siku ile. Mia tatu! Wajerumani nao walikwenda kujifunza. Oktoba 1894 waliporudi kuishambulia Kalenga, ngome yake yenye ukuta wa mawe, mizinga haikuwa tena juu ya punda. Ilitangulia kupangwa mahali pake, ikaipiga ngome kwa mpango, na Kalenga ikaanguka. Bunduki zilizotekwa hazikuweza kuiokoa. Aliyeziteka hakuwa na kiwanda cha risasi wala njia ya kuleta nyingine. Mkwawa aliendelea kupigana msituni mpaka Julai 1898, kwa ushujaa ambao hakuna anayeubishia, lakini ghala lililomlisha adui lilikuwa kubwa kuliko lake.

Kambi kubwa ya jeshi Dar es Salaam leo inaitwa Lugalo. Zamani iliitwa Colito. Vijana, mkilisikia jina hilo mkumbuke 1891, na mkumbuke vilevile 1894.

Hilo jina la Colito linanipeleka kwenye jambo la pili, nalo ni wapi zana zetu zilitoka. Tulipopata uhuru tulirithi askari wa King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, wakaitwa Tanganyika Rifles, na maafisa wao wengi walikuwa Waingereza. Januari 1964 askari wakaasi, na uasi ulianzia pale Colito. Serikali ikalazimika kuomba msaada kwa mkoloni yuleyule wa jana. Makomando wa Kiingereza wakashuka tarehe 25 Januari, uasi ukazimwa, jeshi lile likavunjwa. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Jeshi jipya, nchi changa, hazina nyembamba. Zana zitoke wapi? Ujerumani Magharibi ilikubali kutusaidia kuanzisha kikosi cha anga. Mwaka mmoja haukupita vizuri, ukazuka mgogoro kwa sababu Ujerumani Mashariki ilikuwa na uwakilishi Zanzibar, na mwaka 1965 Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa wataalamu wake wa kijeshi. Kosa letu lilikuwa nini? Ni kwamba tulitaka kuchagua wenyewe marafiki zetu. Ikaja Kanada, ikakaa mpaka 1970, ikafundisha maafisa na marubani, ikaleta ndege za uchukuzi za Otter na Caribou. Halafu China ikachukua nafasi kubwa: vifaru vya Type 59 vyenye mzinga wa milimita 100, vifaru vyepesi vya Type 62, vile vya Type 63 vinavyoogelea, boti za doria, ndege za kivita, na uwanja wa ndege wa Ngerengere.

Sikilizeni maana ya safari hiyo. Kila mlango unapobadilika, fundi anajifunza upya. Kitabu cha matengenezo kinakuja kwa lugha nyingine. Spana ni nyingine, oili ni nyingine, betri ni nyingine. Hata risasi! Chukua SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, ambayo kila mtu humu ameiona angalau kwa polisi benki. Risasi yake ni ya milimita 7.62. Chukua bunduki ya Kijerumani ya G3. Risasi yake nayo ni ya milimita 7.62. Mtu asiyejua atasema basi, moja ni nyingine. Hapana. Ganda la ile ya SMG lina urefu wa milimita 39, la G3 lina milimita 51. Haziingiliani kabisa. Karani wa ghala akikosea sanduku, akatuma la G3 kwa kikosi chenye SMG, amewapelekea wenzake vyuma visivyo na kazi, na kosa hilo halitaonekana mpaka sanduku lifunguliwe mbele ya adui.

Ndiyo maana mimi nikisikia Shirika la Mzinga kule Morogoro linalotengeneza risasi, nafurahi kuliko nikisikia ndege mpya imenunuliwa. Ndiyo maana nilipokuwa nafundisha, kila nilipowaeleza wanafunzi habari za Nyumbu pale Kibaha, kituo kilichoanzishwa ili Watanzania waunde magari yao wenyewe, niliwaambia msicheke mkiona lori lile halina sura ya kupendeza. Mnaloweza kulifungua, kulitengeneza na kulirudisha barabarani bila kumpigia mtu simu ng'ambo, hilo ni lenu. Lile jingine mmeazimwa, hata kama mmelilipia.

Sasa tuje nyumbani.

Ninyi wazee wa Missenyi hamna haja nami katika hili, lakini vijana hawa walizaliwa vita vimekwisha, wengine wazazi wao walikuwa hawajazaliwa. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini ya mto Kagera. Yaliua, yaliswaga ng'ombe kwa maelfu, yakakipora kiwanda cha sukari. Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni sasa ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akazungumza na taifa tarehe 2 Novemba, akasema maneno ambayo kila mtoto wa nchi hii anayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Nataka leo mlitazame lile neno la kwanza, uwezo. Uwezo ulikuwa wapi?

Siku iliyofuata hotuba ile, Waganda walilivunja daraja la Kyaka. Walikuwa wamejaribu kwa ndege. Marubani wao wakalirukia mara kadhaa na kulidondoshea mabomu, wakalikosa. Mwishowe wakamleta fundi wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Fundi wa migodi, mtu wa kupasua miamba! Akatega baruti kwenye nguzo, daraja likaenda majini. Ndege za kivita zilishindwa, mtu mmoja anayejua baruti inawekwa wapi akaweza.

Na daraja lilipokwenda, vifaru vyetu viligeuka nini? Type 59 ina uzito wa tani 36. Haibebwi kwa mtumbwi. Haiogelei. Simba asiyeweza kuvuka mto hana habari na swala wa ng'ambo. Kwa wiki kadhaa waliovuka Kagera walikuwa askari wa doria, usiku, kwa vyombo vidogo, wakapeleleza na kurudi. Ni wahandisi wa medani, watu ambao hakuna anayewaimbia nyimbo, waliolaza daraja la muda mwezi huo wa Novemba, na ndipo jeshi likavuka. Mtu akikuuliza silaha iliyoikomboa Kagera ni ipi, usianze na mzinga. Anza na daraja la vyuma lililounganishwa kwa mikono, kwenye tope, mvua za vuli zikinyesha.

Kabla ya daraja kulikuwa na barabara, na kabla ya barabara kulikuwa na reli. Kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa treni ni zaidi ya kilomita 1,200. Jeshi letu wakati ule halikuwa na magari ya kubeba watu wote wale. Serikali ilichukua malori na mabasi, ya mashirika na ya watu binafsi. Waliingizwa mgambo, JKT, polisi, magereza. Basi ambalo juzi lilibeba abiria na magunia, leo linabeba askari na masanduku ya risasi. Je, dereva wa basi lile si sehemu ya zana za jeshi? Fundi aliyelala chini yake saa nane za usiku akifunga springi iliyokatika, si sehemu ya zana za jeshi? Mama aliyepika, mkulima aliyetoa ng'ombe na mahindi yake, tuwaweke wapi kwenye orodha ya silaha?

Vijana wanapenda nizungumzie saba saba, na sitawanyima. Hilo ndilo jina ambalo watu wa Uganda waliipa mizinga yetu ya roketi, BM-21. Ni lori lenye mirija 40 ya milimita 122 mgongoni. Linaweza kuimaliza mirija yote kwa sekunde zipatazo 20, na roketi zake zinafika kilomita 20. Mlio wake unatangulia kuvunja moyo kabla chuma hakijafika. Wengi waliokuwa upande wa pili walikimbia kwa kuusikia tu. Ni zana kubwa kweli, na sina sababu ya kuipunguza.

Lakini tazameni Lukaya. Machi 1979 majeshi yetu yameshachukua Mutukula, Masaka na Mbarara, yanaelekea Kampala. Baada ya Masaka barabara inapita juu ya kinamasi kirefu. Gari zito haliwezi kutoka pembeni. Gaddafi amemletea Amin askari wa Libya, na wamekuja na vifaru vya T-55 na BM-21 za kwao. Tarehe 10 Machi wakaipiga brigedi yetu ya 201 kwa roketi. Roketi nyingi ziliwapita juu ya vichwa, lakini vijana wengi wa brigedi ile walikuwa mgambo wasio na uzoefu, na mlio ule hawakuwahi kuusikia kutoka upande ule. Wakavunja safu. Ndiyo, askari wetu walikimbia, na mimi silifichi hilo, kwa sababu kinachofuata hakieleweki bila hilo. Silaha ile ile iliyowatisha wengine iliwatisha na wetu pia. Chuma hakijui bendera.

Usiku huohuo brigedi ya 208 ikaamriwa izunguke. Ikatembea gizani, ikapita mbali na barabara, ikatokea nyuma ya Walibya. Alfajiri ya tarehe 11 Machi wakapigwa kutoka mbele na kutoka nyuma. Kabla jua halijawa kali, Walibya zaidi ya mia mbili walikuwa wamekufa, na vile vifaru vyao vya bei kubwa vimekwama juu ya barabara ya kinamasi havina pa kwenda. Vijana, kulikuwa na silaha gani kubwa usiku ule? Miguu. Nidhamu ya kutembea kimya bila kuwasha hata sigara. Kamanda anayeisoma ramani gizani.

Wiki mbili na ushei baadaye, tarehe 29 Machi, Libya ikatuma ndege ya Tu-22 kuishambulia Mwanza. Hii ni ndege ya kudondosha mabomu inayokwenda kasi kuliko sauti. Katika Afrika yote ni wachache waliokuwa na ndege kama ile. Ilikuja, ikaachia silaha zake, ikarudi. Mji haukuguswa. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Mwanza ikaendelea na kazi zake. Nawauliza tena, nani alikuwa na silaha? Na hawa wetu waliotoka Mutukula hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200, wengi wao kwa miguu, mpaka mji ulipoangukia mikononi mwao tarehe 11 Aprili, unafikiri jozi ya buti zilizo nzima ilikuwa na thamani gani kwao?

Tuwaombee waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita vile. (Hapa tulisimama kwa dakika moja.)

Sasa naomba utulivu wenu zaidi, kwa sababu jambo ninalolifikia ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu.

Tarehe 29 Aprili 2009, Mbagala, Dar es Salaam. Asubuhi ya kawaida. Ghala la silaha katika kambi ya jeshi linalipuka. Mabomu yanaruka juu ya nyumba za watu, yanaanguka uani, barabarani. Watoto wanakimbia hawajui waendako. Wengine wanaingia mtoni na kuzama. Zaidi ya watu ishirini wanakufa, mamia wanaumia. Taifa linalia. Linaunda tume. Linaahidi.

Tarehe 16 Februari 2011, Gongo la Mboto, Dar es Salaam ileile. Usiku. Ghala jingine, kambi nyingine. Mbingu inakuwa nyekundu, uwanja wa ndege unafungwa, maelfu ya watu wanalala uwanja wa taifa wa michezo, wazazi wanatafuta watoto kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu ishirini tena.

Hakukuwa na adui. Hakuna aliyetuvamia. Mabomu tuliyonunua ili yatulinde yaliwaua tuliotaka kuwalinda.

Na tusidhani ni sisi tu. Lagos, Januari 2002, kambi ya Ikeja: zaidi ya watu elfu moja, wengi walizama mferejini wakikimbia. Maputo, Machi 2007: zaidi ya mia moja. Brazzaville, Machi 2012: zaidi ya mia mbili. Bata, Guinea ya Ikweta, Machi 2021: zaidi ya mia moja. Bara letu limepoteza watu wake kwa maghala yake lenyewe, mji baada ya mji, na kila mara tunazungumza kana kwamba ni radi iliyoanguka kutoka mbinguni.

Sio radi. Ni kemia, na nataka hata mtoto wa darasa la saba aliye humu aielewe. Baruti inayosukuma risasi na makombora hutengenezwa kwa nitroselulosi. Nitroselulosi haitulii. Tangu siku inatoka kiwandani inaoza polepole, na katika kuoza inatoa gesi na joto. Kwa sababu hiyo watengenezaji huichanganya na kemikali ya kuituliza, ambayo inazinyonya gesi zile. Lakini kemikali hiyo inatumika na kupungua. Joto likiwa kali, inapungua upesi zaidi. Ikiisha, baruti inaanza kujichemsha yenyewe, na inaweza kuwaka bila kiberiti, bila mtu kuigusa, usiku watu wamelala. Sanduku moja likiwaka, la pembeni linafuata.

Kwa hiyo bomu lina umri. Dawa za hospitali tunazisoma tarehe, mbona bomu tunalihesabu kama jiwe? Kuna vipimo vya maabara vinavyoonyesha kemikali ile imebaki kiasi gani. Ghala linalopimwa kila mwaka haliwezi kukushtukiza namna hiyo. Ghala lisilopimwa, hata likiwa na mlinzi kila kona na bendera juu yake, hakuna anayejua ndani yake mna nini.

Kuna na jambo la umbali. Kanuni za kimataifa za maghala zina hesabu yake: unachukua uzito wa baruti kwa kilo, unatafuta kipeuo chake cha tatu, unazidisha kwa 22.2, unapata mita ambazo nyumba ya watu inapaswa kuwa mbali. Walimu wa hisabati mnifuate. Kilo 8,000: kipeuo cha tatu ni 20, mara 22.2 ni mita 444. Kilo 64,000: kipeuo ni 40, umbali ni mita 888. Na hapo tunazungumzia mshindo tu. Vipande na makombora yanayoruka yanakwenda mbali zaidi. Haya, nani kati yetu amewahi kuona kambi mjini ambayo nyumba ya kwanza iko mita 888 kutoka kwenye ghala? Mji unakua, unaifikia kambi, mtu anauza kiwanja, mwingine anajenga, mwenyekiti wa mtaa anapiga mhuri, na ofisi kumi zinaona zinanyamaza. Siku ghala likilipuka tunauliza jeshi peke yake. Jeshi liulizwe, ndiyo, liulizwe sana. Lakini aliyepima kile kiwanja naye aulizwe. Aliyetoa kibali naye aulizwe.

Ndiyo maana nasema kununua silaha ni nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi. Ukiniambia bajeti imepita, tunaleta mizinga mipya, nitakuuliza: ghala lake limejengwa wapi? Lina kifusi cha udongo cha kuzuia mshindo kati yake na la jirani? Fyuzi, yaani viwashio vya makombora, zimetenganishwa nayo? Lina hewa? Nyasi zimefyekwa? Kifaa cha kuvuta radi kipo na kinafanya kazi? Na ile ya zamani, iliyokwisha umri wake, inateketezwa lini, wapi, na nani? Haya si maswali ya adui wa nchi. Mbunge anayeyauliza bungeni analilinda jeshi kuliko anayepiga makofi siku ya gwaride. Askari wa ghalani ndiye wa kwanza kufa likilipuka. Tunauliza kwa niaba yake.

Namalizia hapa hapa mkoani kwetu. Novemba 2017, Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara. Mtoto aliokota kitu cha chuma, akaja nacho shuleni akidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lilikuwa bomu la kutupa kwa mkono. Wanafunzi watano walikufa, makumi wakajeruhiwa. Watoto walioamka, wakanawa uso, wakaenda kusoma. Vita vilivyolileta bomu lile huenda vilikwisha hata kabla hawajazaliwa.

Mkoa huu umepitiwa na vita vyetu na umepokea watu waliokimbia vita vya majirani. Ardhi yake haijamaliza kutoa vyuma. Mkulima anayelima bonde la Kagera anaweza kukuta kitu kimepata kutu, hakina sura. Kutu haifanyi bomu kuwa salama. Mara nyingi inaongeza hatari, kwa sababu kilichokuwa kinaishikilia pini kimeliwa.

Kwa hiyo ninawaomba hivi, na naomba kwa nguvu zote nilizo nazo. Mtoto akikuta chuma asichokijua asikiguse, asikirushie jiwe, asikihamishe hata kwa nia njema. Aweke alama mbali nacho, kitambaa au tawi, arudi kwa njia ileile aliyoijia, amwambie mtu mzima. Mtu mzima apige polisi, 112, au aende kwa mtendaji, na asimame kuzuia wengine mpaka wataalamu wa jeshi wafike. Ninyi mnaonunua chuma chakavu, na najua wapo humu, msinunue kitu chochote kutoka kwa mtoto. Chochote. Faida ya kilo mbili za chuma haitamrudisha mtoto wa mtu. Wenyeviti wa vijiji, mkiombwa mhuri wa kiwanja kilicho karibu na uzio wa kambi, kataeni, hata anayeomba akiwa ndugu.

Na kwa wakubwa wa jeshi waliotuma mwakilishi leo, tunawashukuru kwa kuja kusikiliza. Tunaomba wale wataalamu wenu wa kutegua mabomu wasisubiri kuitwa baada ya msiba. Waje shuleni. Wawaonyeshe watoto picha za mabomu, guruneti na makombora, wawaonyeshe yakiwa mapya na yakiwa yamekula kutu, ili wayajue kwa macho. Somo la saa moja linatosha, na kila mwaka linarudiwa, kwa kuwa kila mwaka kuna darasa la kwanza jipya.

Maswali nayapokea. Na walimu wakuu mliopo, hasa wa Ngara, Missenyi na Kyerwa, naomba mbaki kidogo baada ya maswali tuandike majina ya shule za kuanzia.